Sentensi Niliyoiiba kwa Rehema

Mwezi uliopita tulimzika Sista Leokadia, aliyenifundisha Kiingereza nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya misheni juu ya Mkuyuni. Nilipanda kwenda huko asubuhi nikiwa nimevaa kitenge kipya cheusi, na nikiri tu, njia nzima nilikuwa najiandaa kupokea pole. Nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye binti yake. Mimi ndiye niliyefuata kazi yake, nikafundisha Kiingereza mjini Morogoro mpaka nikastaafu. Mtawa kijana aliyenipokea mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo mama. Umetoka mbali?" Nikaitikia, nikamwambia mimi ni Anastazia, kana kwamba jina lingetosha. Akatabasamu kama alivyomtabasamia kila mtu pale, kisha akageukia jikoni akaita, "Mama Rehema, kuna mgeni mwingine, tumpatie chai." Akatokea Rehema, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, mtandio umefungwa vizuri kichwani, amenenepa, ana mvi mbele ya masikio. Hatukuwa tumeonana tangu tumalize shule. Aliniangalia, akasema "Karibu, Ana," akarudi jikoni kuchukua kikombe.

Nilikalishwa na wanawake wengine katika chumba alichokuwa akilala marehemu. Watawa wawili walikuwa wanakunja mashuka yake, wakizungumza kwa sauti ya chini lakini si chini sana. Nilisikia kwamba kila mwaka baada ya mavuno Mama Rehema huja kutoka Gairo, alikofungua nyumba ya chakula kwa wasafiri wa barabara ya Dodoma, na huleta karanga, na hukaa siku mbili akilala kwenye mkeka palepale kando ya kitanda cha Sista. "Mwaka jana Sista alikuwa hamtambui hata padri," mmoja akasema, "lakini Mama Rehema alipoingia tu, alimwita kwa jina." Nikaweka kikombe changu sakafuni. Nina miaka sitini na mbili. Nilidhani wivu ni kama chunusi, unakwisha na ujana. Nikakaa pale, mtu mzima mwenye wajukuu, namwonea kijicho mwanamke anayeosha vikombe, kwa ajili ya upendo wa mtu aliyekuwa ameshalazwa kwenye jeneza chumba cha pili.

Mwaka ule wa kidato cha tatu ulianza vizuri kwangu. Nyuma ya maktaba, ambayo kwa kweli ilikuwa stoo yenye rafu nne, Sista Leokadia alikuwa na chumba chake cha kazi. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama mashamba ya kabichi, meza yenye mguu uliofungwa waya, na viti viwili. Kimoja chake. Kingine kilikuwa changu, tangu kidato cha pili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika Kiingereza. Kila siku saa kumi jioni, wenzangu wakiwa wanapalilia bustani, mimi nilifagia chumba kile, nikapanga vitabu, kisha Sista akanimiminia chai ya maziwa na kunikatia kipande cha mkate uliopakwa jamu ya stroberi walizolima watawa. Bwenini tulikula ugali na maharage siku sita, ya saba magimbi. Lakini sikuupenda mkate kwa sababu ya njaa. Niliupenda kwa sababu aliukata kwa ajili yangu, na mlango ulikuwa wazi, na wenzangu waliopita na majembe waliona.

Rehema alikuja mwezi wa pili, amehamishwa kutoka shule nyingine. Alitoka kwenye mashamba ya miwa, ambako mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja mmoja Mzungu. Walimkubali ingawa ni Mwislamu, maana shule ilikuwa na nafasi na yeye alikuwa na alama. Sarufi ya Kiingereza hakuijua vizuri. Alichanganya nyakati, alisahau herufi za mwisho, na nilipoona daftari lake la kwanza limejaa wino mwekundu moyo wangu ulitulia. Haukutulia muda mrefu. Alipofungua mdomo, kile Kiingereza chake kibovu kilitembea. Kilikuwa na mizaha, kilikuwa na hasira, kilisikika kama lugha ambayo watu waliitumia kugombana na kupatana. Changu kilikuwa safi kama kitanda cha hospitali.

Mwezi wa tatu Sista alibandika ukutani darasani karatasi kubwa, nyuma ya kalenda ya zamani, akaandika juu yake neno moja: run. Akatuuliza maana yake. Darasa zima tukasema kukimbia. Akacheka, akasema neno hili ni kama mwanamke mwenye shughuli nyingi, ukimkuta asubuhi shambani utadhani ni mkulima, ukimkuta jioni utadhani ni mkunga. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa mchana, yeyote aliyepata maana mpya aliruhusiwa kusimama, kuitaja pamoja na mfano, na kuandikwa ukutani pamoja na jina lake. Mwisho wa mwaka, mwenye maana nyingi kuliko wote ndiye Sista angemwandikia barua ya kumpendekeza katika chuo cha ualimu. Nafasi ilikuwa moja. Sisi wasichana wa mlimani tulijua vizuri kinachotungoja tusipoipata: kubeba kabichi kichwani kushuka sokoni, kama mama zetu.

Nilianza kwa kishindo. Kamusi kubwa ya shule ilikuwa katika chumba nilichofagia mimi, nikachota humo kama mtu anayechota maji kisimani kwake. Nilileta mto unaotiririka, nikaleta pua inayotoka kamasi, nikaleta barabara inayokwenda kutoka mahali hadi mahali, nikaleta mtu anayegombea uongozi. Kila nilichosema kilikuwa sahihi, na Sista aliandika, akasema "Vizuri, Anastazia." Kisha Rehema akasimama Ijumaa ya tatu, akiwa anavuta sketi yake, akasema mama yake aliwahi kufua shuka nyeupe za nyumba ile pamoja na kanga yake mpya nyekundu, na yule mama wa Kizungu akatoka uani ameshika shuka la rangi ya waridi, akisema the colours have run, yaani rangi zimechuja, naye mama yake, aliyejua kukimbia tu, akaenda mpaka getini kuangalia zimekimbilia wapi. Darasa lilianguka kwa kicheko. Nikamtazama Sista. Alikuwa amevua miwani anajifuta machozi. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti mwaka mmoja na sikuwahi kumchekesha hata mara moja.

Kuanzia hapo kila Ijumaa ilikuwa hivyo. Mimi nilileta maana, yeye alileta watu. Alileta mpishi aliyeishiwa chumvi siku ya wageni. Alileta meneja ambaye mkewe alimwambia hawezi kuendesha hata banda la kuku, achilia mbali shamba la miwa. Alileta ukali unaokwenda ndani ya ukoo, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Zote zilikuwa run. Mwishoni mwa mwezi wa saba tulikuwa sawa ukutani, kumi na saba kwa kumi na saba, na jioni moja nilipofika na ufagio nilikuta viti vimekuwa vitatu. Rehema alikuwa ameketi upande wa dirisha, anakula mkate. "Njoo Anastazia," Sista akasema, "Rehema ananisimulia habari za jikoni kwao." Nikala mkate wangu. Ulikuwa na jamu ileile. Nilimwangalia Rehema akilamba kidole bila aibu, na nikatamani, nasema kweli, apatwe na jambo lolote litakalomwondoa pale.

Naomba msomaji anielewe, Rehema hakunifanyia ubaya wowote. Alinisuka nywele. Aliniomba nimfundishe nyakati za vitenzi na akanishukuru mbele ya watu. Wema wake ndio ulionikera zaidi, maana haukuniachia pa kushika. Nikaanza kutafuta siri yake, nikaamini ipo. Haiwezekani, nilijiambia, mtoto wa mpishi ajue haya yote kwa kusikia tu. Lazima kuna mtu anamwandikia.

Kazi ya barua ilikuwa yangu. Kila Jumatano, siku ya gulio, niliteremka Mkuyuni pamoja na mpishi wa shule, na wakati yeye akinunua nyanya na dagaa, mimi nilichukua barua zetu kwa mwenye duka aliyekuwa akitutunzia. Jumatano moja ya mwezi wa nane nilikuta barua ya Rehema. Anwani iliandikwa kwa mwandiko wa Kizungu, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nikajua nimeipata siri. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia mpishi atangulie, mimi nakunywa maji. Nikaketi juu ya jiwe kando ya kijito. Gundi ya bahasha ilikuwa imelegea kwa unyevu wa mlimani, sikuhitaji hata kuirarua.

Ilikuwa fupi. Mke wa meneja aliandika: Your mother has been running a high fever since Sunday and she keeps asking for you. Mama yako ana homa kali tangu Jumapili, na kila mara anakuulizia. Chini yake aliongeza kwamba Rehema aende upesi awezavyo. Mtu akiniuliza leo nilisoma nini pale juu ya jiwe, jibu la kweli ni kwamba nilisoma neno running. Kukimbiza homa. Kuendesha homa. Sikuwa nimeliona hilo kwenye kamusi, au nililiruka. Moyo ulinidunda kwa furaha. Yule mama mgonjwa, ambaye sikumjua sura, alipita mbele ya macho yangu kama mfano katika kitabu cha mazoezi. Nilisema moyoni, nikimpa leo, Ijumaa atasimama nayo yeye, na atalia, na Sista atamkumbatia. Nikimpa Jumamosi hakuna kitakachoharibika. Homa ni homa. Watu wanaumwa malaria kila siku na wanapona. Nikaiweka barua ndani ya kitabu cha nyimbo na nikapanda mlima kwa haraka mpaka nikampita mpishi.

Ijumaa nilisimama kabla ya wote. Nikasema, "My mother is running a high fever." Sista akageuka na kalamu mkononi. "Hiyo umeitoa wapi?" Nikasema kitabuni. "Nzuri sana, Anastazia. Hii inatumika kweli, madaktari wanaisema." Akaandika, kumi na nane. Rehema alikuwa dawati la mbele yangu. Nilimwona akifungua daftari lake na kuiandika ile sentensi, polepole, herufi kwa herufi, kisha akageuka akaninong'oneza, "Ana, hiyo sikuwa naijua. Nitamwambia mama."

Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye karo anafua. Nikampa barua bila kumwangalia. Alijifuta mikono kwenye sketi, akasoma amesimama. Aliisoma mara mbili, maana macho yake yalirudi juu. Kisha akaniuliza, "Imefika lini?"

"Jana jioni," nikasema. "Kuna mtu alipita nayo."

Aliacha nguo zake majini, akaenda kuomba ruhusa. Alishuka Mkuyuni kwa miguu peke yake, akapata gari la kwenda mjini mchana, na Jumapili jioni akafika mashambani. Mama yake alikuwa amefariki Jumamosi saa sita mchana, na kwa desturi yao walimzika siku ileile alasiri. Kama angeondoka Alhamisi alfajiri angefika Alhamisi ileile jioni au, kwa kuchelewa sana, Ijumaa. Nimeihesabu safari hiyo mara nyingi mno, kwa magari ya kila aina, na kila mara anafika mama yake akiwa hai.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Tulimzunguka bwenini, tukampa pole, na mimi nilikuwa miongoni mwao, nikamkumbatia. Alisimama tu, mikono imening'inia. Tangu hapo hakusimama tena siku ya Ijumaa. Karatasi ya ukutani ikawa yangu, nikafika ishirini na sita, na hakuna aliyecheka. Kwenye chumba cha Sista kiti cha tatu kiliondolewa, kwa kuwa Rehema aliomba apangiwe zamu jikoni. Nikabaki mimi na mwalimu wangu kama nilivyotaka. Lakini kitu kilikuwa kimebadilika ambacho sikukielewa wakati ule. Sista aliendelea kunimiminia chai, aliendelea kunikatia mkate, na kila jioni kabla sijaondoka aliniangalia usoni akauliza, "Anastazia, kuna neno lingine unataka kuniambia?" Nami, mwanafunzi bora, nilifikiri ananiuliza habari za kamusi. Nikamwambia neno jipya nililolipata siku hiyo. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya, nenda kapumzike." Mwisho wa mwaka aliandika ile barua ya kunipendekeza. Nikawa mwalimu. Nimelifundisha neno run kwa watoto wengi wa Morogoro, na wote nimewapa mto, pua, barabara, duka na uchaguzi. Homa sikuwahi kuwapa.

Basi siku ya mazishi, tulipotoka makaburini na watu walipokwisha kula, nilimkuta Rehema uani anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nikavua viatu, nikakunja kitenge changu kipya, nikachuchumaa upande wa pili wa sufuria ileile. Tulisugua muda. Nikaona ni afadhali niseme kabla sijaogopa tena.

"Rehema, ile barua ya mama yako ilifika Jumatano."

"Najua," akasema.

"Niliifungua. Nikaikalia siku tatu."

"Najua, Ana. Uliisema darasani, nikaiandika kwa mkono wangu. Kesho yake nikaikuta ndani ya barua. Ulifikiri mimi ni mjinga?" Hakuwa amepandisha sauti. Aliendelea kusugua.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Sista. Akaweka chini lile gunzi alilokuwa akisugulia. "Nilimwambia wiki ile niliyorudi. Alilia kuliko mimi. Akaniuliza kama nataka ufukuzwe. Nikasema hapana, nataka Anastazia aje mwenyewe aseme. Akasema basi tutamsubiri." Akaninyooshea mkono nimpe kata ya maji. "Yeye amesubiri mpaka amekufa. Mwaka jana, kichwa chake kilipokuwa hakimtambui mtu, bado aliniuliza: yule mwenzako amekuja?"

Nililia pale uani, na watawa waliopita walidhani namlilia marehemu. Nitasema jambo moja la aibu, kwa kuwa nimeamua kuandika bila kuficha. Hata nikiwa nalia, kipande kimoja cha moyo wangu kilikuwa kinahesabu: miaka yote hiyo wao wawili walikuwa na siri, na mimi nilikuwa nje. Niliwaonea wivu kwa sababu walinisubiri pamoja. Wivu hauna akili wala adabu, hata msibani unaingia.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Sikukusamehe, nisikudanganye. Nilichoka tu kubeba." Aliinua sufuria, nikashika sikio la pili, tukaigeuza kumwaga maji. "Wiki ijayo nakwenda kusafisha kaburi la mama. Nina magoti mabovu, siwezi kuinama sana siku hizi. Utakuja na jembe."

Nilikwenda. Tulikutana stendi ya Morogoro asubuhi, tukasafiri, akaninunulia muhogo wa kuchoma njiani, mimi nikanunua maji. Makaburi ya Waislamu yako ukingoni mwa miwa, na miwa ilikuwa imekua mirefu, inapiga kelele kwa upepo. Rehema alisimama penye mwanya wa ua akawatolea salamu wote waliolala humo, kisha akaniongoza mpaka kwenye kaburi dogo lenye jiwe kichwani, halina hata jina. Nikalima majani. Alinionyesha kwa kidole pale nilipoacha, nikarudia. Nilipomaliza, alipitisha kiganja juu ya lile jiwe kulifuta vumbi.

"Mama," akasema, "huyu ndiye Anastazia. Ana neno lake."

Kisha akajikongoja mpaka penye kivuli cha ua, akaketi, akanipa mgongo. Nikabaki peke yangu na mwanamke aliyenikosesha usingizi maisha yangu yote na ambaye sijui hata alikuwa mrefu au mfupi. Nilisimama na jembe mkononi, nikaona halifai, nikaliweka chini. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama," nikasema, na nikaanza kumweleza.